Ukuta Uliokuwa Ukirefuka

Mara ya sita Anwar alipoingia yadi, Mzee Mutuku aliizima mashine ya kuranda kabla ubao haujatoka upande wa pili. Hakuwa mtu wa kuzima mashine ovyo. Alijifuta vumbi la mbao usoni kwa kiganja, akamsogelea Kavetsa na kumwambia kwa sauti ya chini:

"Huyo amerudi. Tena mikono mitupu."

"Ni mteja, mzee."

"Mteja hununua, Kave. Mimi nilianza kazi ya mbao kabla hujazaliwa. Huyu sijawahi kumwona akitoka hapa na kitu kisichoingia mfukoni."

Mzee alikuwa na haki, na zaidi ya hayo moyo wa Kavetsa ulikuwa umeshamruka kifuani, jambo lililomkera kuliko maneno ya mzee. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Tangu mgongo wa babake, Mzee Shivachi, ulipokataa kazi, yeye ndiye aliyeiendesha yadi hii ya mbao hapa Kawangware 46. Akigonga ubao kwa kifundo cha kidole alijua kama umekauka au bado una maji ndani. Wanaume nao alidhani amejifunza kuwagonga vivyo hivyo akajua kilichomo ndani. Miaka minne iliyopita alipendwa mwaka mzima na bwana mmoja mpole, hadi asubuhi moja mke wa yule bwana alipompigia simu kutoka Webuye na kumsalimu kwa adabu. Tangu siku hiyo kila neno la mwanamume alilisikiliza mara mbili, mara ya kwanza lilivyosemwa, mara ya pili kwa kile lililoficha.

"Niaje, Kavetsa," Anwar alisema. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, mikono yake ina makovu madogo madogo ya kazi ya kutengeneza friji.

"Poa. Mahogani ilienda aje?"

"Nyumbani hawakuipenda."

"Kwa nini?"

"Inaleta giza. Sebule yetu iko na dirisha moja tu."

"Na mwerezi?"

"Mwerezi nao... ile harufu."

"Watu hutoka kwa matajiri kule Karen kutafuta hiyo harufu, Anwar."

"Si watu wote ni sawa," alisema, akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja. Kavetsa akageuza uso haraka na kujifanya anapanga mbao ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Ilikuwa miezi miwili sasa. Siku ya kwanza alikuja akisema kwao, mtaa wa Kianda, wanataka kupamba ukuta mmoja wa sebule kwa mbao, ule ambao mgeni akiingia anauona kwanza. Akaondoka na kipande cha mvule, akaonyeshe nyumbani. Akarudi, akaondoka na mwerezi. Halafu saiprasi, halafu paini, halafu mahogani. Kila alipokuja alikaa nusu saa, mara nyingine saa nzima. Alimuuliza mti huu unakua wapi, kwa nini huu una mistari na ule una macho, na alisikiliza majibu kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari ikisomwa redioni. Hakuna mwanamume aliyewahi kumsikiliza Kavetsa hivyo. Ndiyo maana alimshuku.

"Hii je?" Anwar aliuliza, akiwa ameshika ubao wa rangi ya asali.

"Mukima. Watu wanaudharau kwa sababu unamea kwa shamba ya kila mtu. Lakini angalia." Alilowesha kidole gumba na kusugua ubao. Madoa madogo ya kung'aa yakajitokeza. "Ukipaka vanishi, jua likipiga, ukuta wote unacheza."

"Kama ingekuwa nyumba yako, ungechagua huu?"

"Nyumba yangu?" Alicheka kidogo. "Ndiyo. Ningechagua huu."

Anwar alipitisha mkono kwenye rundo la mbao ambazo hazijarandwa bila kuangalia, akashtuka na kuurudisha. Kibanzi kilikuwa kimemwingia kwenye kiganja.

"Leta," Kavetsa alisema. Aliushika mkono ule, akauinamia, akakivuta kibanzi kwa kucha taratibu. Kiganja kilikuwa cha moto. Kibanzi kilitoka, lakini mkono haukuondoka.

"Si uwe unaangalia unachoshika," alisema bila kuinua macho.

"Nilikuwa naangalia."

"Mbao?"

Kavetsa alipoinua macho alikuta anatazamwa kwa namna iliyomfanya akumbuke simu ya Webuye. Akauachia mkono. Akachukua daftari lake la vipimo kwa haraka kama mtu anayechukua ngao.

"Haya. Nipe vipimo nikate kabisa leo. Upana?"

"Futi kumi na nne."

Kalamu ilisimama. Kavetsa alifunua kurasa nyuma, akasoma, akafunua tena.

"Mara ya kwanza ulisema kumi na mbili. Ulipokuja kwa saiprasi ukasema kumi na mbili na nusu. Leo kumi na nne. Anwar, huo ukuta wenu unarefuka?"

Alicheka, lakini kicheko kilikatika upesi. "Nilipima vibaya."

"Mara tatu? Wewe hupima mpaka unene wa waya."

"Basi nitapima tena."

"Usijali. Kesho nakuja Kianda nipime mwenyewe."

"Hapana!"

Alilisema kwa nguvu hata Mzee Mutuku akainua kichwa. Anwar mwenyewe alionekana kushtushwa na sauti yake.

"Hapana nini?" Kavetsa aliuliza polepole.

"Usije nyumbani. Si wakati mzuri."

"Basi nitakupigia simu, tupange siku."

"Usipige. Nitumie tu meseji. Nilikuambia."

"Uliniambia. Hukuniambia kwa nini." Alilifunga daftari. "Nani yuko nyumbani, Anwar?"

"Mama yangu."

"Na nani mwingine?"

Anwar aliangalia barabarani kwanza. "Nipe wiki moja, Kavetsa. Wiki moja tu."

"Ya nini?"

"Ya ukuta," alisema. Akatia kipande cha mukima mfukoni, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Mzee Mutuku hakungoja afike barabarani. "Nimekuambia. Ametumwa na ile yadi mpya ya hapo mtaa wa Congo. Anakuja kuangalia mbao gani zinatoka na tunauza aje."

Kavetsa alitamani sana iwe hivyo. Jasusi angemsamehe.

* * *

Jumamosi, saa nne asubuhi, wanawake wawili walishuka kwenye bodaboda mbele ya yadi. Wa kwanza alikuwa mama mnene wa makamo, amejifunga gurbaba, shuka lake la maua mekundu, uso wake wa mtu aliyezoea kuwafokea wapangaji wakanyamaza. Wa pili alikuwa msichana mwembamba mwenye hijabu ya kijivu na macho matulivu yasiyopitwa na kitu.

"Wewe ndiye Kavetsa wa mbao?" mama aliuliza.

"Ndiye mimi, mama. Karibuni."

"Sijui kama nitakaribia." Alifungua mfuko na kumwaga vipande sita vya mbao juu ya meza ya kazi. Mvule, mwerezi, saiprasi, paini, mahogani, mukima. Nyuma ya kila kimoja palikuwa na jina na namba ya simu ya Kavetsa kwa wino mwekundu. "Hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Mimi ni Jawahir, mamake Anwar. Nimekuja nikuone kwa macho yangu, wewe unayempa mwanangu mbao mbovu miezi miwili."

Kavetsa alihisi masikio yakiwaka. "Mbovu aje, mama?"

"Mvule ina wadudu. Mwerezi umemletea shida ya kifua. Saiprasi imepinda, paini inatoa gundi, mahogani ni mbichi. Na hii ya juzi, ati ukiipiga msumari inapasuka. Nimechoka. Nimesema wacha nije mwenyewe."

"Nani amesema hayo yote?"

"Anwar. Nani mwingine?"

Hapa yadi Anwar alikuwa akisema nyumbani hawakuzipenda. Kule nyumbani alikuwa akisema mbao ni mbovu. Katika shuku zote alizomshuku, za ujasusi na za mke, hakuwahi kuwaza kwamba alikuwa akilichafua jina lake, jina ambalo babake alilijenga mpaka akavunjika mgongo.

"Mzee Mutuku," alisema kwa sauti iliyokauka, "nipe nyundo na msumari wa inchi mbili."

Aliweka kipande cha mukima mezani, akapiga msumari kwa mapigo matatu, katikati kabisa. Hakikupasuka. Akachukua kile cha mvule, akakikata kwa msumeno vipande viwili, akavinyoosha mbele ya Jawahir. Ndani palikuwa safi, rangi ya dhahabu.

"Nionyeshe mdudu, mama."

Jawahir aliviangalia, akavigeuza, akavinusa. Uso wake ulibadilika. Alipozungumza tena, alizungumza kama mtu anayejisemea.

"Basi Anwar ananidanganya. Huyu mtoto hajawahi kunidanganya, hata akiwa mdogo. Mtu anadanganya aje kuhusu mbao?"

Kavetsa aliweka msumeno chini, akauliza.

"Ukuta ni wa nini, mama?"

"Wa wageni. Wazee wa kina Sumaya wanakuja tupange siku ya nikaha. Huyu hapa ndiye Sumaya, ndiye anaolewa na Anwar. Mimi nilisema siwezi kupokea watu kwa sebule imebambuka rangi. Ukuta kwanza, wageni baadaye. Anwar akasema nimwachie, yeye ndiye atachagua mbao."

Kwa hivyo kulikuwa na mwanamke. Kavetsa alimwangalia Sumaya, Sumaya akamwangalia yeye, na hakuna aliyekwepesha macho. Maumivu yalimchoma Kavetsa, na nyuma yake ikaja hasira. Hasira ilimfaa zaidi. Ingemshikilia asimame.

"Chagua, mama," alisema. "Nitakuja kuziweka leo leo. Mimi na mzee."

Jawahir alichagua mvule bila kupoteza muda, akaenda na Mzee Mutuku nyuma ya yadi kuchambua ubao mmoja mmoja. Sumaya hakufuata. Alibaki akigusa vile vipande mezani.

"Siste," alisema kwa upole, "unajua tulivipata wapi hivi?"

"Sijui."

"Vilikuwa vimepangwa dirishani kwa chumba cha Anwar. Vyote, kwa mstari, kama picha za watu. Mama alipovitoa, Anwar alikasirika." Alikigeuza kimoja. "Mtu hawezi kuweka mbao mbovu hivyo."

Kavetsa alikiinua kile cha mukima. "Mimi sikujua kama una... kama yeye ana..."

"Najua hukujua. Ungejua, usingekasirika vile." Sumaya aliikaza hijabu yake. "Mimi nafanya kazi zahanati, siste. Watu wakija wakiniambia wanaumwa mguu na macho yao yanaangalia kwingine, najua hawaumwi mguu. Miezi miwili naambiwa ukuta, ukuta. Leo nataka uishe, tuone kitu kitabaki."

* * *

Nyumba ya Jawahir kule Kianda ilikuwa ya zamani, imezungukwa na vyumba vya wapangaji na kamba za nguo. Pikapu iliwashusha mlangoni na mbao zao. Sebule ilikuwa pana, makochi yamefunikwa vitambaa vya kufumwa, na ukuta wa mbele ulikuwa umebambuka rangi kweli, vipande vinaning'inia kama maganda.

Jambo la kwanza Kavetsa alilofanya ni kutoa futi kamba. Mzee Mutuku akashika upande mmoja.

Futi kumi na tatu kamili.

Aliiandika, akaipigia mstari chini mara mbili, kisha akaanza kazi. Walipigilia kwanza vipande vyembamba vya kushikilia mbao, wakapima usawa, wakaanza kupanda na mvule kutoka chini. Jawahir aliketi akitazama. Sumaya aliketi karibu naye, mikono mapajani. Nyundo iligonga, mbao zikaingiliana, na hadi saa saba ukuta ulikuwa umefika kiunoni.

Ndipo mlango ukafunguka na Anwar akaingia na sanduku lake la vifaa.

Aliona mbao. Akamwona mamake, akamwona Sumaya. Halafu akamwona Kavetsa akiwa amepiga magoti sakafuni, misumari mdomoni, na sanduku likamponyoka likaanguka.

Kavetsa alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja. Akasimama.

"Kumi na tatu," alisema. "Si kumi na mbili, si kumi na nne."

"Kavetsa..."

"Kumbe mvule yangu ina wadudu? Na ukuta wenu nao unarefuka?"

"Wacha nikueleze."

"Usinieleze mimi. Eleza mamako. Yeye ndiye alikuja kunitusi mbele ya fundi wangu kwa sababu yako."

Anwar aligeuka. Jawahir hakuwa ameinuka, lakini shingo yake ilikuwa imenyooka.

"Nasikiliza," Jawahir alisema. "Mbao zilikuwa na nini?"

"Hazikuwa na kitu, Mama."

"Hata moja?"

"Hata moja. Zote zilikuwa nzuri. Nilidanganya." Alipitisha mkono usoni. "Ulisema ukuta ukiisha wageni watakuja. Nikaona usiishe. Ningebadilisha mbao, ningekosea vipimo, bora tu usiishe. Mwanzo ilikuwa hivyo tu, kupata muda. Halafu nikaanza kungoja siku ya kwenda yadi. Nikawa naamka nikihesabu siku."

Nje mpangaji mmoja alikuwa akimwita mtoto wake aje ale.

"Yadi kuna nini?" Jawahir aliuliza, ingawa sauti yake ilionyesha alishajua.

Anwar alimwangalia Kavetsa. "Yeye," alisema.

Jawahir aliinuka. "Huyu? Anwar, huyu? Muuza mbao wa Kawangware, mtu wa kanisa, watu wao hatuwajui hata mmoja? Na mimi nimeshawaambia watu!"

"Mama..."

"Nyamaza! Na wewe," alimgeukia Kavetsa, "kusanya mbao zako utoke!"

Kavetsa alihisi miguu ikitaka kutoka. Alihisi pia macho ya Anwar mgongoni, yakimsihi, na hiyo ilimwongezea hasira kwa sababu sehemu moja ya moyo wake, sehemu ya kijinga, ilikuwa imelisikia lile neno "yeye" na ilikuwa ikiruka.

"Nitatoka, mama," alisema. "Lakini nikimaliza. Jina langu limechafuliwa ndani ya hii nyumba miezi miwili. Siachi ukuta nusu watu waje waulize ni fundi gani alishindwa. Mzee, nipe ubao."

Mzee Mutuku alimpa ubao. Nyundo ikaanza tena. Jawahir akakaa chini kwa kishindo.

Sumaya ndiye aliyeinuka. Alimkaribia Anwar, akasimama mbele yake bila kupandisha sauti.

"Ungeniambia mwezi wa kwanza," alisema. "Nisingelia. Labda kidogo. Lakini ungeniacha na heshima yangu, si kuniweka ningojee rangi ya mbao."

"Nisamehe, Sumaya. Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mimi?" Alitikisa kichwa. "Nyumbani nitawaambia mwenyewe. Mama Jawahir, nakupenda kama mama yangu, lakini mimi siolewi na mtu anayejificha nyuma ya ukuta." Alipofika mlangoni aligeuka. "Siste, kazi yako ni safi," alisema, akaenda zake.

Saa kumi ukuta uliisha. Kavetsa alifagia maranda mwenyewe. Jawahir alikuja, akapitisha kiganja juu ya mvule kutoka kona hadi kona akitafuta kasoro kwa vidole. Alitafuta muda mrefu. Mwishowe aliuondoa mkono, na Kavetsa akaelewa kwamba hakuipata.

Anwar aliwafuata hadi kwenye pikapu.

"Kavetsa, sema kitu. Hata matusi."

"Uliniharibia jina."

"Najua."

"Kila siku ulikuwa unakuja, unacheka na mimi, unarudi nyumbani unasema nauza takataka. Nikuamini aje? Siku ukinichoka, utamwambia nani kwamba nina wadudu?"

Alipokea maneno hayo bila kujitetea. "Nifanye nini?"

Kavetsa alipanda, akafunga mlango, akashusha kioo. Alikusudia kusema kwaheri. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Usirudi yadi. Hakuna mbao nitakuuzia. Kama una neno, kesho baada ya kanisa babangu atakuwa nyumbani. Congo, uliza kwa Shivachi. Yeye si kama mimi. Yeye akishuku mtu, hasemi."

* * *

Usiku ule Kavetsa hakujua kama alilala au hakulala. Jumapili alivaa gauni lake la kawaida kwa makusudi, ili mtu asidhani alijipamba. Alijiambia Anwar hatakuja. Alipanga kabisa namna atakavyojisikia asipokuja: atajisikia vizuri, atasema nilijua. Hata hivyo kila hatua nje ya mlango ilimkatiza kazi ya jikoni.

Saa nane mtu alibisha. Mzee Shivachi, aliyekuwa ameegemea mto kwa sababu ya mgongo, alisema, "Ingia."

Aliyeingia kwanza alikuwa Jawahir.

Anwar alikuwa nyuma yake, shati limepigwa pasi, uso wa mtu ambaye hakulala. Mzee Shivachi alimwonyesha mgeni kiti.

"Sikai, baba," Jawahir alisema. "Sikuja kwa ubaya, lakini sikai. Huyu ni mwanangu. Miezi miwili amenidanganya juu ya binti yako na mbao zake. Sasa anasema ana neno. Mimi sijui tena neno lake la kweli ni lipi. Nimekuja alisemee hapa, mbele ya watu wawili wazima, ili kesho asilibadilishe. Na ujue mimi sijakubali kitu."

"Ni sawa," Mzee Shivachi alisema. Alimgeukia Anwar na kumtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Sema, kijana."

"Nampenda Kavetsa," Anwar alisema. "Nilimsingizia kwa woga. Mama nimemwambia, jana jioni nimeenda kwa wazazi wa Sumaya nikawaambia uso kwa uso, na sasa nakuambia wewe, mzee. Sina kisingizio kingine. Nikikubaliwa, namtaka awe mke wangu. Mambo ya dini najua ni magumu. Nayajua. Siyafichi."

Mzee Shivachi alikuna kidevu. "Kavetsa."

Kavetsa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa mkononi. Wote watatu walimgeukia. Alimwangalia Anwar, na safari hii hakulisikiliza neno mara mbili. Alilisikia mara moja tu, likaingia lote. Hilo lilimtisha, akajishika.

"Siwezi kusema ndiyo," alisema.

Anwar alifumba macho.

"Wala sijasema hapana. Alikuja kwetu mara sita na sababu sita, na zote zilikuwa uongo. Sasa aje bila sababu. Aje Jumapili ijayo, akae na baba, aongee. Aje na Jumapili ile nyingine. Na mimi nitakuja Kianda kumsalimia mamake, akitaka asitake, na nitapiga simu mchana wakati kila mtu anasikia. Siku nikiona uongo hata mmoja, hata mdogo wa kusema amekula na hajakula, nitafunga mlango. Mimi mambo ya kudanganywa nilimaliza."

Anwar alifumbua macho, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa adhabu na akaipenda. "Nitakuja," alisema. "Hata mvua ikinyesha."

Jawahir alikuwa akimtazama Kavetsa kama alivyoutazama ule ukuta, kona hadi kona. Hatimaye alivuta kile kiti alichokikataa, akakaa, akapanga gurbaba yake magotini.

"Huyu hadanganyiki," alimwambia Mzee Shivachi kwa sauti ya mtu anayekubali nusu tu. "Haya, binti. Si ulete chai."